Maji Matamu ya Juu

Asubuhi ile Kiwayu tulikuwa watu watano. Nilikuwepo mimi, Kavata. Alikuwepo mdogo wangu Kyalo, mwalimu, ambaye wengi wenu mlimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Alikuwepo Bi Mwanaesha, mwenye nyumba wake, na binti yake Zainabu wa miaka kumi na mmoja. Wa tano ni Bwana Shee, kaka yake Bi Mwanaesha, nahodha wa boti iliyonipeleka. Nawataja wote kwa majina kwa sababu wanne kati yetu walikuwa na haki ya kunikasirikia, na hakuna aliyenipandishia sauti.

Tangu nirudi mnaniuliza kila Jumapili huko kulikuwaje, nami nimekuwa nikiwajibu vipande vipande, leo mlangoni mwa kanisa, kesho kwenye foleni ya kinu. Sasa nimeamua kuandika yote mara moja. Niliacha shule darasa la saba, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Mnaijua pia tabia yangu ya kuona mahubiri kila mahali. Mdogo wangu Nzioka husema hata nikijikwaa kwenye jiwe nitasimama na fundisho mkononi. Nitajaribu kujizuia, ingawa siahidi.

Nilikwenda kumleta Kyalo nyumbani, na hilo mnalijua. Shule ya huku ilikuwa na nafasi ya mwalimu, naye alitakiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kila nikimpigia alisema, "Tutaongea, dada." Nilimlea mtoto yule tangu hajajua kutembea, baada ya baba kututoka na mama kumfuata mwaka uleule. Najua kwamba Kyalo akisema tutaongea, kuna jambo amelifungia ndani.

Kulikuwa na la pili, ambalo sikumwambia mtu. Mwaka uliotangulia Kyalo aliugua malaria huko, wiki tatu nzima. Mimi nilijua alipokwisha kupona. Aliyemnywesha uji kwa kijiko ni Bi Mwanaesha, mjane ambaye hatujawahi kuonana naye. Jambo hilo lilinikaa kama mwiba. Niliondoka nyumbani nikiwa nimenuia kumshukuru mama yule hadi atosheke, ili nikimchukua mtoto wangu tusiache nyuma deni lolote.

Kitui hadi Mokowe

Nilibeba debe la mbaazi, mfuko wa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na mtungi wa plastiki wenye asali ya mizinga ya Nzioka. Basi la kwanza, basi la pili, usingizi wa kukaa, miguu iliyovimba: hayo kila mtu aliyesafiri anayajua, siwachoshi.

Nitasema tu kuhusu asali. Ukishapita Malindi na kuendelea kuelekea Lamu, barabara ina vizuizi vya ukaguzi, na kila kizuizi abiria wanashuka na mizigo yao. Askari wa kwanza aliuliza mtungini mna nini. Nikasema asali. Akachovya kidole kuhakikisha, kisha akamwita mwenzake naye ahakikishe. Kizuizi cha pili walihakikisha kwa kipande cha mkate. Cha tatu niliwahi kuifungua mwenyewe kabla sijaulizwa, na kijana mmoja aliyeonekana hajalala siku mbili akaniambia inafanana na ya bibi yake. Huyo nilimmiminia kwenye kikombe. Mokowe, pale nchi kavu inapoishia, nilifika na robo tatu ya mtungi, na watu wa kuniombea njia nzima.

Amu: siku mbili nisizozipanga

Kutoka Mokowe hadi kisiwa cha Amu, yaani Lamu, ni mwendo mfupi wa boti. Nilidhani nitashuka moja na kupanda nyingine. Boti ya Kiwayu, nikaambiwa, itaondoka kesho, inshallah. Kesho yake nikaambiwa kesho. Kwetu mtu akisema kesho mara mbili anakuficha kitu. Pale hawakuwa wanaficha lolote. Mashine ilikuwa inangoja kipuri, kipuri kinangoja mtu, na mtu alikuwa msibani.

Asubuhi ya kwanza niliwasalimia wazee waliokaa barazani kwa salamu yetu: "Bwana asifiwe." Ilinitoka kwa mazoea. Nikasimama pale nikitamani ardhi inifiche. Mmoja wao akainua mkono kifuani, akajibu taratibu, "Asifiwe daima, Bi. Karibu Amu." Wenzake wakaitikia kwa vichwa, nami nikaendelea na njia yangu nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuja.

Kwa mama mmoja aliyekuwa anauza chai kichochoroni niliagiza staftahi. Akaniletea mahamri na bakuli la kitu cheupe kizito kinachonukia. Nilikula nusu ndipo nikauliza ni nini. Mbaazi, akasema. Mbaazi zilezile tunazozichemsha na chumvi hadi watoto wanazikimbia, yeye alikuwa amezipika kwa nazi. Nilimwambia nimetoka Kitui nimebeba debe zima, na sikuwahi kujua kwamba zina ladha hiyo. Akacheka. "Basi umewatesa, Bi. Zilikuwa zangoja nazi miaka yote hiyo."

Nilikaa na bakuli lile muda mrefu. Nina miaka arobaini na sita, nimelima mbaazi kwa miaka thelathini na minane, na bado kulikuwa na jambo jema ndani yake ambalo Mungu hakuwa amenionyesha. Nilifikiri: kama hata mbaazi sijazimaliza kuzijua, sijui watu niliowalea mwenyewe nawajua kiasi gani. Wazo hilo lilinipitia tu, wala sikulishika. Ningelishika mapema, ningejiokolea mengi.

Mkanda

Siku ya tatu tuliondoka. Bwana Shee ni mtu mfupi, mpole, mwenye kofia iliyofifia, na hujibu swali baada ya kulipima kwanza. Boti inapita kaskazini kwenye mlangobahari mwembamba unaoitwa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na nchi kavu, mikoko ikiwa imesimama majini pande zote mbili. Tulichelewa kidogo kuondoka. Katikati ya Mkanda boti ikagusa tope, ikatulia. Maji yalikuwa yanakupwa, yaani yanarudi baharini, na yalituacha hapo kama kiatu kilichosahaulika.

Nilimuuliza Bwana Shee tutafika saa ngapi.

"Mai yakiya, tutafika."

"Na yatakuja saa ngapi?"

Akafikiri. "Bi Kavata, mai hayafuati saa. Yafuata mwezi."

Tulikaa saa tano. Abiria walifungua walichonacho: tende, samaki mkavu, biskuti. Nikatoa asali, tukaila kwa mkate wa mofa wa mama mmoja wa Faza. Mama huyo alinihoji kuhusu mume, watoto na shamba, kwa mfuatano huo, na niliposema sikuolewa kwa sababu nilikuwa na wadogo watatu wa kulea, akanikatia kipande kingine.

Kilichonishangaza ni miti. Huko kwetu mti ukikosa maji unakufa, na ukinyweshwa maji ya chumvi unakufa mapema zaidi. Hapa msitu mzima umesimama ndani ya chumvi, wa kijani kuliko shamba langu. Nilimuuliza Bwana Shee miti ile inakunywa nini. Akanyoosha mkono, akachuma jani la mti waliouita mchu, akaligeuza upande wa chini, akanipa.

"Lamba."

Nililamba. Lilikuwa na chumvi, chembe ndogo ndogo kama zimenyunyizwa kwa vidole. Mti ule hunywa maji machungu kwa mizizi, hutumia utamu uliomo, na chumvi huipandisha hadi kwenye majani na kuitoa nje, mvua na upepo viichukue.

Ndugu zangu, hapo sikuweza kujizuia. Nilikaa kwenye tope la Mkanda nikaona maisha yangu yote katika jani lile. Tulinyweshwa machungu tukiwa wadogo, na Mungu akatufundisha kuyatoa nje badala ya kuyaweka moyoni. Niliandika maneno hayo nyuma ya risiti ya basi. Nilikuwa na hakika kwamba nimepewa ujumbe wa safari nzima, na kwamba mti ule ulikuwa mimi.

Kiwayu

Kiwayu ni kisiwa chembamba, mchanga mtupu uliopanda vilima. Kyalo alikuja hadi majini kunipokea, miguu pekupeku, kikoi kiunoni, amekuwa mweusi zaidi na mwenye mabega. Alichukua debe la mbaazi begani na mimi akanishika mkono kama ajuza. Njia nzima watu walimwita, "Mwalimu, dada kafika?" naye akawajibu kwa lafudhi yao hata nikageuka kuhakikisha ni yeye.

Mnajua hofu niliyoenda nayo. Nilikuwa nimejiuliza kama bado anasali. Jumapili alinipeleka darasani kwake, madawati yamesogezwa, na ibada ilikuwa ya watu watano: muuguzi mmoja, askari wawili, yeye na mimi. Muuguzi alianzisha nyimbo kwa sauti ya juu mno, hakuna aliyemfikia. Kyalo aliniomba niseme neno, nikasema kuhusu mchu na chumvi, na askari mmoja akafuta macho. Tulipotoka, kaa alikatiza mbele yetu akitembea upande, nami nikafungua mdomo. Kyalo akaniwahi. "Dada, huyo mwache apite tu. Mahubiri mawili kwa siku yatamchosha."

Bi Mwanaesha sikumpata kama nilivyomtarajia. Nilijiandalia mjane mnyonge. Nikakuta mama wa makamo, mrefu, mwenye ulimi mwepesi, anayesuka mikeka huku akiendesha mambo ya mtaa mzima kwa kuuliza maswali dirishani. Nilipoanza hotuba yangu ya shukrani niliyoifanyia mazoezi tangu Kitui, aliisikiliza hadi katikati, akasema, "Alikuwa mgonjwa, ningemfanyaje? Kula samaki, anapoa." Nilimpa asali iliyobaki. Aliipokea kwa mikono miwili, akagawa vikombe vitano kwa majirani kabla jua halijasogea.

Nilimpikia muthokoi. Zainabu aliuliza kwa adabu kama mahindi yale yamevuliwa nguo. Bi Mwanaesha alionja, akainuka, akarudi na nazi, na baada ya hapo sufuria ilikwisha. Kwa hiyo hata deni la chakula nililoanza kulilipa lilinirudia likiwa limeongezwa nazi.

Jambo la kazi nilimwambia Kyalo siku ya pili. Alitazama chini. "Nipe siku chache, dada. Kula, pumzika, uone watu." Nikampa. Ila niliamini najua kinachomzuia: anaona haya kumwacha mama aliyemuuguza. Nikajiambia, nikishamlipa mama huyu kitu kikubwa, cha kubaki, mtoto wangu atakuwa huru.

Jumanne

Nyuma ya nyumba, chini ya kilima cha mchanga, Bi Mwanaesha ana kisima chake. Nyumba tatu zinachota hapo. Nilipokiona, nilikaribia kumwonea huruma. Ni shimo la kimo cha mtu, limezungushiwa mbao, na maji yake hayafiki goti. Zainabu alishuka kila asubuhi na kata, kile kichoteo cha kifuu cha nazi chenye mpini, akachota taratibu kama anayeengua maziwa. Ndoo tatu, basi, anapanda. Jirani naye anangoja, anashuka, tatu, anapanda.

Ninyi mnajua mimi ni nani mbele ya mchanga wenye maji. Wadogo zangu walikula kwa sababu nilijua kuchimba. Mto wetu ukikauka, wote tunashuka na majembe, na mwenye bidii ndiye anayepata: ukienda chini zaidi maji yanakuja zaidi, na ni matamu zaidi kuliko ya juu yaliyokanyagwa na ng'ombe. Nimechimbia wajane, nimechimbia kanisa. Hakuna zawadi ninayoijua kuliko hiyo. Nikaona wazi kwamba Mungu amenileta safari yote ile kwa sababu ya mikono yangu.

Jumanne Bi Mwanaesha alivuka kwenda Mkokoni, upande wa nchi kavu, kutoa pole kwenye msiba. Zainabu na Kyalo walikuwa shuleni. Nilikuwa nimeazima sepetu la shule nikisema nataka kusawazisha uwanja. Nilishuka kisimani asubuhi, nikasali, nikachimba. Mchanga ulikuwa laini, mweupe, unaotii. Nilishuka kimo cha mkono mzima na zaidi, nikazishusha mbao, na maji yakaja. Yalikuja kama sijawahi kuona kwetu. Niliyaonja, yalikuwa matamu. Nikachota bila kupumzika, nikajaza mapipa mawili ya Bi Mwanaesha na la jirani mmoja, nikafua na mashuka yote ya nyumba.

Bi Mwanaesha alirudi jioni amechoka na kulia. Aliona mashuka kambani, akaona mapipa yamejaa, akasema Mungu anilipe, akaingia kulala. Sikumwambia. Nilitaka ashuke mwenyewe asubuhi aone.

Chai

Asubuhi nikawahi kuamka kuliko wote. Bwana Shee alikuwa amekuja kumjulia hali dada yake. Nilishuka kuchota maji mapya, sikutaka ya pipani, nikapika chai kwa majani mengi kama tunavyopenda, nikamimina vikombe vitano.

Wa kwanza kunywa alikuwa Bwana Shee, kwa kuwa ni mgeni. Alipiga funda moja, akatulia kidogo, akaendelea. Alikunywa kikombe kizima, taratibu, akitazama mlangoni. Kisha akakiweka chini, akasema, "Ahsante, Bi Kavata," na kukifunika kwa kiganja nilipotaka kumwongeza.

Zainabu akapiga lake. "Mama, chai ina chumvi."

Kyalo alionja, akaniangalia, kisha akaangalia nje upande wa kisima. Bi Mwanaesha hakuonja. Aliinuka, tukamfuata wote. Aliona kilima kidogo cha mchanga mpya, wenye unyevu bado. Alishuka, akapiga magoti, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Nikainama ukingoni.

"Mimi ndiye niliyechimba," nikasema. "Nilitaka kukuachia maji mengi."

Alipanda, akajifuta mikono kwenye leso.

"Haya mai hayatoki tini, Kavata. Ya tini ni ya bahari. Haya matamu ni ya mvua, yamelala yuu yake tu, kama mafuta yuu ya mtuzi. Ndiyo mana twachota kwa kata, kidogo, twayaacha yapumzike." Alitazama shimo. "Mola katuwekea tamu yuu ya chumvi. Wewe umeyataka yote."

Nilimuuliza kama yatarudi.

"Mvua ikinya nyingi. Huenda mwaka huu, huenda mwakani. Si mimi niyapangaye."

Kisha akauliza nani atamsaidia kurudisha mchanga, na wa kwanza kuvua viatu alikuwa Bwana Shee, mtu ambaye alikuwa bado na ladha ya chai yangu mdomoni. Tulifukia sote watano kwa mikono na sepetu moja. Nilimuuliza baadaye kwa nini alikunywa hadi mwisho. Alilipima swali kama kawaida yake. "Mgeni kapika kwa moyo wake. Ningeitema, huo moyo angeuweka wapi?"

Njia ya kisima cha pili

Kuna kisima kingine, mbali kuelekea kaskazini, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwenye mchanga unaozamisha miguu. Siku sita zilizobaki za safari yangu niliteka huko, mimi na Kyalo alfajiri kabla ya shule, tena alasiri, kwa nyumba tatu. Majirani walinisalimia njiani kama jana. Mmoja alinitania kwamba watu wa bara wanapenda chai yenye mchuzi. Hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyopewa.

Siku ya kwanza ya kuteka, ndoo zikiwa chini tukipumzika, Kyalo akasema, "Dada, ile barua ya kazi nilishaijibu. Kabla hujapanda basi."

Nikauliza alijibu nini.

"Kwamba nashukuru, nabaki. Nina darasa la nane hapa ambalo sijalifikisha popote. Na nimezoea."

"Na mimi ukaniacha nije hadi huku?"

Alichora mchanga kwa kidole cha mguu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto amevunja kitu. "Ningekuambia, usingekuja. Na nilikuwa sijakuona miaka miwili."

Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha, na vyote viwili havikutaka kutangulia.

"Wewe ukimpenda mtu, unachukua sepetu," akasema. "Tumeishi kwa sepetu hilo, sisahau. Lakini mimi kata ilikuwa inanitosha, dada. Ukinipigia simu mara moja kwa wiki, ukinisikia, inatosha."

Hapo ndipo nilipokumbuka jani la mchu na kuona nilivyojidanganya. Nilijihubiria kwamba mimi ndiye mti unaojua kutoa chumvi. Kumbe nilikuwa mchimbaji asiyejua pa kusimama. Machungu ya kufiwa hayakwenda popote, yalikuwa chini yetu sote, na juu yake Mungu alikuwa ameweka tabaka la utamu: wadogo zangu Kyalo, Mueni na Nzioka, mbaazi zetu, nyimbo zetu. Limetulisha miaka yote. Mimi sikuridhika kulichota kidogo kila siku. Nilitaka liwe kubwa, liwe langu, lisiishe.

Na lingine. Tangu ujana wangu nasema kanisani kwamba neema haina bei. Nimelisema kwa sauti, nimewafundisha watoto. Lakini mtu alipomnywesha mtoto wangu uji bure, sikulala hadi nilipotafuta njia ya kumlipa. Sikutaka kupewa. Nilitaka tuondoke pale tukiwa sawa.

Kurudi

Siku ya kuondoka Bi Mwanaesha alinifungia samaki wakavu na akanipa chupa ya maji. Nilijua yametoka pipa gani. Yalikuwa ya mwisho ya yale matamu niliyoyachota kabla chumvi haijapanda. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu alinitazama kwa jicho lile la dirishani.

"Safari ndefu hii. Au wataka kununua mengine ndiani huku yangu waniachia?"

Nikapokea, kwa mikono miwili kama alivyopokea asali. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchimba.

Kyalo aliingia majini hadi kiunoni kunisukumia boti, akasimama hapo hadi nilipokuwa simwoni. Mkanda tulikwama tena, safari hii saa mbili tu, na jua lilikuwa kali, na watoto wawili wa abiria walikuwa na kiu. Nilifungua chupa, ikazunguka, kila mtu funda moja. Iliponirudia ilikuwa na funda langu. Sikuwa nimewahi kunywa maji kwa uangalifu namna ile.

Nimeirudisha chupa tupu nyumbani. Ndiyo ile mnayoiona dirishani kwangu na kuniuliza kwa nini siitupi.

Mvua za vuli zilinyesha Kiwayu siku nne. Nikapiga simu. Kyalo akampa Bi Mwanaesha, naye akasema ameonja jana, bado yana chumvi. Nikasema nitakuja tena, niwaletee kitu, aniambie wanahitaji nini. Akasema wanahitaji mvua, kama ninayo nibebe. Nyuma yake nikamsikia Bwana Shee akiuliza ni nani, na alipoambiwa ni mimi, akauliza nitarudi lini kupika chai.

Sina mvua. Sina cha kuwapa ambacho hakitaongezwa nazi na kurudishwa kwangu. Mawingu yetu hutoka upande ule, mnajua, kutoka baharini. Yakija mazito juu ya vilima ninyi hushangilia na kutoa masufuria nje, nami hutoa langu, maana shamba langu nalo lina kiu. Lakini msinishangae nikisimama uani kwanza nikiyatazama. Nakuwa nayauliza kama yamepita Kiwayu, na kama yameacha kitu pale nyuma ya nyumba, kidogo, juu ya chumvi.